Kisichosomeka Kihesabiwe Sifuri

Juni 6

Redio imetangaza kwamba mvua za msimu zimeingia mkoani kwetu. Zilikuwa zimeshaanza tangu juzi. Daktari ameniambia nisipange mambo ya vuli. Alilisema kwa adabu, macho yake yakiwa kwenye kalenda ya ukutani. Nilimshukuru. Satsuki, binti wa kaka yangu ambaye amehamia hapa kunitunza, alilia ndani ya gari. Mimi nilikuwa nasoma kibandiko cha tahadhari kwenye mtungi wa oksijeni, toka juu hadi chini.

Nitaandika hapa mpaka mvua ziishe. Kazi niliyobakiwa nayo ni moja tu, skripti ya lango.

Juni 7

Anayesoma haya huenda hajui lango ni nini, basi nieleze mara moja.

Kijiji chetu kiko chini ya lango la maji, mahali mfereji wa mashamba ya mpunga unapotoka mtoni. Nagami Yasuo ndiye mlinzi wake. Asubuhi na jioni anasoma ubao wa kipimo, na mvua ikizidi anausoma kila saa, kisha anaandika kimo cha maji, kwa sentimita, kwenye kompyuta ya kibandani. Skripti yangu inaisoma namba hiyo. Maji yakipita kiwango, king'ora kinalia na nyumba za bondeni zinapata ujumbe. Niliiandika nilipostaafu chuo kikuu, nikaitoa kwa chama cha maji kama wengine wanavyotoa miche.

Skripti ni faili la amri tu. Linalozisoma amri hizo, mstari kwa mstari, ni ile programu tunayoiita ganda. Ubaya wa skripti yangu ni uvivu. Kila kazi ndogo inaita zana ya nje: hii ya kukata maneno, hii ya kujumlisha, hii ya tarehe, hii ya kubadili herufi. Zana hizo zina majina yaleyale katika kila kompyuta, lakini tabia zake hazifanani. Majira ya machipuko mwaka huu chama kilinunua kompyuta mpya ya ofisini, ya kampuni nyingine, na skripti ikafia mistari ya mwanzoni. Iliomba tarehe kwa namna ambayo zana ya pale haiijui.

Ningekuwepo, ningeirekebisha kila inapokufa. Sitakuwepo. Kwa hiyo naondoa zana za nje moja baada ya nyingine, mpaka ganda lifanye kila kitu lenyewe, kwenye mashine yoyote watakayonunua.

Juni 9

Nimetoa sed, ile zana ya kukata maneno. Mvua.

Juni 10

Nimetoa zana ya kujumlisha, maana ganda linajua hesabu. Lakini saa mbili asubuhi, ambayo kompyuta inaiandika 08, skripti ilikufa. Ganda likiona sifuri mbele ya namba linahesabu kwa nane badala ya kumi, na katika hesabu hiyo hakuna tarakimu nane wala tisa. Nimelifundisha ling'oe kwanza sifuri ya mbele. Zamani jambo kama hili lingenichekesha siku nzima.

Juni 12

Nagami alipita na matango ya kwanza ya bustani yake. Aliketi ukingoni mwa baraza, buti zake zenye tope zikining'inia nje.

"Mwalimu, bado unang'oa?"

"Bado."

"Utabakiza nini sasa?"

"Ganda."

"Marehemu mke wangu aliwahi kushikwa na ugonjwa huo. Aligawa vyombo vyote vya jikoni akabakiza sufuria moja. Tulikula uji mwezi mzima."

"Mlikufa?"

"Hatukufa. Lakini tuliacha kuongea."

Satsuki alicheka jikoni. Nagami ni mtu wa maneno mengi, na kwa miaka yote nimemchukulia kama redio ya jirani, sauti ambayo ipo tu.

Juni 15

Nimetoa nkf, zana ya kubadili herufi zetu za Kijapani. Niliiweka zamani, sikumbuki kwa nini. Kwenye kompyuta mpya ya ofisini haipo kabisa, na tarehe na namba hazihitaji kubadilishiwa herufi. Nilijaribu skripti bila hiyo. Nikaandika 150, king'ora cha majaribio kikalia kwenye spika yangu. Nikaandika 90, kimya. Nimeongeza mstari mmoja wa usalama: kisichosomeka kama namba kihesabiwe sifuri, ili Nagami akigusa kitufe vibaya skripti isife.

Sasa haina zana hata moja ya nje. Faili limekuwa fupi. Nililitazama kwa muda, na nadhani ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

"Umefurahi, Shangazi?" Satsuki aliniuliza.

Nilisema ndiyo, kwa kuwa ndilo jibu fupi zaidi.

Juni 16

Nimeiweka kibandani na ofisini, kote kupitia mtandao, nikiwa hapa kitandani. Imekubali kwenye mashine zote mbili.

Juni 19

Mvua.

Juni 20

Mvua. Uji.

Juni 24

Satsuki anatia chumvi matunda ya ume, plamu zetu chachu, kwenye mtungi wa udongo. Nyumba nzima inanukia, anasema. Kwa mpira huu wa oksijeni puani mimi sisikii harufu yoyote. Nilimwambia inanukia vizuri.

Juni 28

Adachi, mwenyekiti wa chama cha maji, alikuja na keki kunishukuru kwa skripti. Ni mtu mpole, anainama mpaka paji lake linakaribia mkeka. Alisema kijiji kina bahati. Alikula keki nyingi yeye mwenyewe.

Julai 1

Mvua tangu alfajiri. Vyura wamenyamaza.

Julai 2

Nitaandika jambo moja baada ya jingine.

Baada ya chakula cha mchana mvua iliacha kuwa matone, ikawa kitu kimoja kinachoanguka. Kitanda changu kinatazama bonde. Niliona maji ya mfereji yakipanda kuta zake, yakawa sawa na barabara, kisha barabara haikuonekana tena. King'ora hakikulia.

Niliwaza kwamba Nagami yuko penye kipimo na anaona zaidi yangu. Niliwaza pia kwamba skripti haina pa kukosea. Mawazo hayo mawili yalinitosha kabisa. Simu ilikuwa kando ya mto wangu, na sikuigusa.

Satsuki ndiye aliyepiga kelele. "Shangazi, ghala la Bibi Itohara!" Akatoka bila mwavuli.

Bibi Itohara anaishi peke yake, nyumba ya chini kabisa. Aliposikia kimya alidhani bado kuna muda, akaingia ghalani kunyanyua magunia ya mchele. Maji yaliusukuma mlango ukajifunga. Satsuki na wanaume wawili waliuvunja kwa shoka. Walimkuta amesimama juu ya mashine ya kukoboa, maji kiunoni, na walipomshusha aliteleza, nyonga ikavunjika. Kwenye machela alikuwa akiuliza jambo moja tu.

"Mbona hakikulia? Jamani, mbona hakikulia?"

Satsuki amerudi na matope mpaka kwenye nywele. Ameketi jikoni bila kuwasha taa. Nimemwambia aoge.

Julai 3

Mvua imepungua. Wamefungua kumbukumbu za skripti kwenye kompyuta ya ofisini. Jana nzima imeandikwa sifuri. Si jana tu, bali kila siku tangu katikati ya Juni: sifuri, sifuri.

Adachi amenipigia simu. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole. "Mwalimu, skripti yako haina kosa, usijali hata kidogo. Ni Nagami. Tangu mwezi uliopita haandiki chochote. Anakunywa chai tu kule. Mtu akifika umri ule... unaelewa."

Mimi ninamzidi Nagami umri. Nilisema ninaelewa.

Julai 4

Nimeingia kwenye kompyuta ya kibandani kutoka hapa. Namba alizochapa Nagami zilikuwa bado kwenye skrini, safu nzima, kila saa bila kukosa. Ya mwisho ni １６５.

Kibodi zetu zina tarakimu za namna mbili. Kuna nyembamba ambazo mashine huzitumia, na kuna pana ambazo hukaa sawa na herufi zetu. Nagami anachapa zile pana kwa sababu kibodi yake huanza hivyo inapowashwa, na kwa sababu anaziona vizuri bila miwani. Mtu akizisoma, ni namba ileile. Kwa ganda, tarakimu pana si namba, ni michoro tu.

Miaka yote hii nkf ilikuwa inazigeuza kimyakimya kabla hazijafika popote. Hiyo ndiyo kazi yake niliyoisahau. Niliiondoa, nikajaribu kwa vidole vyangu vinavyochapa nyembamba, kisha nikaweka mstari wa kusema kwamba kisichosomeka ni sifuri. Na sifuri, kwa skripti, maana yake maji yametulia.

Nimeizima kompyuta. Satsuki ameleta supu ya miso. Nimekunywa.

Julai 5

Mvua.

Julai 6

Mvua ndogo. Wanasema Bibi Itohara atafanyiwa upasuaji.

Julai 7

Niandike wazi, maana karatasi hii ndiyo yote niliyonayo kabla ya kufa. Sinyamazi kwa hofu. Aibu itanikuta kwa siku ngapi? Sinyamazi pia kwa ajili ya jina langu. Nanyamaza kwa sababu nimesubiri kitu ndani yangu kinisukume niseme, na hakuna kilichosogea. Namfikiria Bibi Itohara juu ya ile mashine, maji kiunoni. Namwona vizuri sana, kama mtu anavyoona picha ya nchi asiyowahi kufika.

Niliirudia kumbukumbu ya sifuri jioni. Ni safi, haina mstari uliopinda.

Julai 8

Hakuna.

Julai 9

Chama kimemnyang'anya Nagami ufunguo wa kibanda. Mpaka mkutano wa kumchagua mlinzi mpya, Adachi ndiye anayesoma kipimo. Satsuki anasema Adachi alipita barabarani akiwa na koti jipya la mvua lenye mistari inayong'aa.

Julai 11

Nagami amekuja na matango. Yalikuwa makubwa mno, yaliyoachwa bustanini yakapitiliza. Hakukaa barazani, alisimama uani na mwavuli.

"Mwalimu, nikuulize wewe uliyesoma. Mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakukifanya?"

"Kwa nini?"

"Nakumbuka nilichapa. Nakumbuka maji ya kofia yalidondokea kitufe nikakifuta kwa leso. Lakini Adachi amenionyesha, sifuri tupu. Siku zote sifuri! Mwanangu amepiga simu kutoka Hiroshima, amenipangia kliniki ya kumbukumbu wiki ijayo. Amesema nisiendeshe gari mpaka hapo."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sawa. Ningesemaje? Jana nilipika wali nikasimama mbele ya chungu nikijiuliza, huu wali nimeupika mimi au nimeukuta? Sasa kila kitu nakigusa mara mbili." Alicheka kidogo. "Bibi Itohara alikuwa akinitupia malimau nikiwa mdogo. Hata hayo malimau sina hakika tena."

Nilimwambia avae kitu kikavu. Akashukuru, akaondoka. Ndiyo, nilimwacha aondoke.

Satsuki alikuwa nyuma ya mlango. "Shangazi," alisema, "yule mzee anayeyuka." Kisha akayakatakata yale matango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Julai 12

Nimemwambia Satsuki. Aliweka chini kitambaa cha vyombo.

"Unajua tangu lini?"

Nikamwambia.

"Na kila siku nakuuliza unaendeleaje, unanijibu sawa."

Alisema mkutano ni tarehe kumi na nne, na kwamba atanipeleka hata kama itabidi anibebe mgongoni na mtungi juu.

Julai 14

Mkutano ulikuwa asubuhi kwenye ukumbi wa chama. Ajenda ilikuwa kumchagua mlinzi mpya wa lango. Nagami alikaa karibu na mahali pa kuvulia viatu. Satsuki alinisukuma mpaka mbele, akafunga breki za kiti.

Nilisema yote: nkf, tarakimu pana, mstari wa sifuri. Nilisema Nagami aliandika kila saa na kosa ni langu.

Wakainamisha vichwa. Mtu akanijazia chai.

"Mwalimu amechoka," Adachi alisema taratibu. "Tumshukuru kwa moyo wake mkubwa. Hata katika hali hii anamfikiria jirani." Wakainama tena, wote pamoja, kisha akafungua ukurasa wa pili wa ajenda.

Nilielewa. Kwetu mtu aliye karibu kufa akijitwika kosa la mwingine, hapingwi na hasadikiwi. Anashukuriwa. Ningeweza kuitwaa shukrani ile nikaenda nayo nyumbani. Nilimwona Nagami naye ameinama kama wengine. Hata yeye alidhani nampa zawadi.

"Nagami," nikasema, "njoo hapa kwenye kompyuta. Andika mia moja sitini na tano."

"Mwalimu, basi, yaishe."

"Njoo."

"Nenda bwana, usimchoshe mgonjwa," mtu akasema nyuma.

Alikuja. Alichapa kwa kidole kimoja, tarakimu pana kama kawaida yake, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Tulisubiri. Kimya.

"Imeharibika," Adachi alisema.

Nikanyoosha mkono, nikabadili kibodi iwe ya tarakimu nyembamba, nikaandika 165. King'ora kikalia juu ya bonde zima. Mbwa wote wa kijiji wakaitikia, na chai ya Adachi ikamwagika kwenye ajenda. Ilibidi tungoje kinyamaze ndipo tuongee.

Adachi alisogeza uso mpaka kwenye skrini. "Lakini namba ni ileile."

"Kwako na kwa Nagami ni ileile. Kwa skripti niliyoandika mimi, ya Nagami haipo. Kila alichoandika tangu Juni nilikigeuza sifuri."

Hakuna aliyeinama safari hii. Adachi alianza kuyafuta maji ya chai kwa mkono wa koti lake, akifuta palepale, palepale. Siku zote nilidhani upole wake ni tabia. Sasa naona hajui afanye nini watu wanapoacha kuwa wapole.

Nagami hakuwa anatazama skrini. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ulijua lini?"

"Tarehe nne."

"Nilipokuja na matango ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilipokwambia habari za wali?"

"Nilikuwa najua, Nagami."

Alivaa kofia yake palepale ukumbini, jambo ambalo mtu halifanyi, akatoka. Viatu alivaa nje, mvuani.

Julai 15

Wamemrudishia ufunguo. Adachi alikwenda mwenyewe kwake. Satsuki amesikia kwamba Nagami aliupokea kwa kupitisha mkono dirishani bila kufungua mlango.

Nimelifundisha ganda kusoma tarakimu pana, kila moja kwa mstari wake, bila zana ya nje. Nimejaribu kwa kuandika kama anavyoandika yeye. Ule mstari wa sifuri bado sijaugusa. Kila nikiufikia vidole vinasimama.

Julai 16

Nagami hakwenda kliniki.

Julai 17

Pumzi imekuwa fupi. Daktari ameongeza oksijeni. Jana Satsuki alinipeleka kwa Bibi Itohara hospitalini. Nilimwambia. Alinisikiliza, akageukia ukuta, akasema anataka kulala. Nilikaa pale mpaka muuguzi alipokuja. Sikuombwa kuondoka, sikuombwa kukaa.

Julai 18

Mvua.

Julai 20

Mvua zimekwisha. Wamelitangaza asubuhi, na safari hii ni kweli, mkeka wa barazani umekauka.

Nagami alikuja kabla ya joto kupanda. Mikono mitupu. Alivua buti na kuingia mpaka kitandani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Sikuja kusamehe," alisema.

"Najua."

"Nitakuwa na hasira mpaka ufe. Na ukishakufa nitaendelea. Mazishini nitakaa nyuma kabisa, niondoke kabla ya chakula."

"Chakula kitakuwa kizuri. Satsuki ndiye atakayepika."

"Basi nitakula, ndipo niondoke." Alivuta kiti. "Nionyeshe huo mstari."

Nilifungua faili nikamwonyesha. Aliinama akausoma neno kwa neno, midomo ikitembea.

"Huu ndio uliosema mimi ni sifuri?"

"Ndio huo."

"Ufute."

"Ufute wewe," nilimwambia, nikamwonyesha kitufe.

Aliufuta herufi moja moja, kwa kidole kilekile. Ilichukua muda mrefu. Satsuki alisimama mlangoni akitazama. Mstari ulipokwisha, niliandika mwingine mahali pake: kisichosomeka, piga king'ora. Nikaupeleka kibandani, nikaacha kompyuta yangu imeunganishwa na ya huko.

"Maana yake nini?" Nagami aliuliza.

"Kwamba skripti isipoelewa ulichoandika, isiseme maji yametulia. Ipige kelele, watu waje waangalie."

"Chochote isichokielewa?"

"Chochote."

"Hata nikiandika tusi?"

"Hata tusi."

Nagami akavuta kibodi karibu, akatafuta herufi moja moja, akaandika. Nililisoma neno lilipokuwa likitokea. Silirudii hapa. Lilinihusu mimi, na lilikuwa la haki. Akabonyeza.

King'ora kikalia bonde zima, juani. Mbwa wakaanza. Simu ya nyumba ikaita karibu papo hapo, na sote tulijua ni nani. Nagami ndiye aliyeinuka kuipokea.

"Hapana, Mwenyekiti, mto uko chini kabisa," alisema. "Nilikuwa naongea na Mwalimu."